Kuwalisha Watu Nisichokula

Kwanza viatu, wanangu. Kila kijana anayekuja kuniuliza habari ya kazi hii huanza na makubwa: nilisoma wapi, Kireno nilijifunza kwa nani, ofisi ilinipataje. Miye namtazama miguuni. Ukinijia na visigino, au hivyo vyenu vyeupe vya soli nyembamba, nakwambia rudi nyumbani ukafikirie upya. Kutembeza watu kwenye mitaa ya Wareno ya huku kwa Waingereza, Stockwell mpaka Vauxhall, duka hadi duka, mkahawa hadi mkahawa, na mvua inakupiga ya ubavuni, ni kazi ya nyayo kabla haijawa kazi ya mdomo. Mwenda pole hajikwai, lakini mwenda pole mwenye soksi mbichi hana hamu ya kusema kitu.

Halafu, usimlishe mgeni kitamu mwanzo. Kundi langu la awali kabisa nililipeleka moja kwa moja kwenye vile vikeki vya mayai na maziwa ambavyo Wareno wanaviita nata, kwa sababu harufu ya mdalasini ilinivuta mimi mwenyewe. Wakala, wakaongeza, wakalamba vidole. Tulipofika kwenye supu hakuna aliyetaka hata kuinua kijiko. Wamekaa wananitazama kama watoto walioshiba vitumbua asubuhi, na mwenye mkahawa ananitazama vibaya zaidi. Tangu siku ile ikawa chumvi mbele, sukari nyuma, kahawa baada ya vyote.

Sasa najua mnachotaka kuuliza, maana nyote huniuliza mkicheka. Vipi Bi Zuwena, mtoto wa Mchangani, Unguja, mtandio kichwani, akawa anawatembeza Wazungu kwenye chakula cha Kireno, chenye nguruwe huku na mvinyo kule? Jawabu yangu ni ile ile: kwa pua. Miaka yote ile sikutia ulimini ile soseji nyekundu wanayoitundika dirishani, wala tone la mvinyo. Nilichofanya ni kuwauliza walaji. Hebu niambie, bwana, ikoje hiyo? Mmoja anasema ina moshi. Mwengine anasema inauma kidogo nyuma ya ulimi, kisha inaacha utamu. Nachukua maneno yao, nayapanga vizuri, na Jumamosi nyengine nayatoa mbele ya kundi jengine kama yangu. Watu wanatikisa vichwa, eti mama huyu anajua. Wallahi sijui kitu. Maneno ya kuazima ni sawa na kanzu ya kuazima, ukitembea nayo taratibu hakuna atakayekuuliza.

Aliyenifunza kazi ni Dona Amélia. Mimi nilitoka Unguja baada ya Mapinduzi, kwanza Dar es Salaam, kisha huku, msichana bado, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kuosha masufuria jikoni kwake. Yeye Mreno wa Madeira, mfupi, mikono mipana, hasira karibu. Tulielewana kwa kuwa sote wawili ni watu wa kisiwa, na mtu wa kisiwa haamini kwamba kuna pahala pengine duniani wanajua kupika samaki. Kireno alinifunza kwa kunigombeza. Mpaka leo matusi nayajua vizuri kuliko salamu.

Siku moja akaniachia jiko. Alitaka nipike bacalhau, yule samaki mkubwa wa bahari ya baridi aliyekaushwa kwa chumvi mpaka akawa mgumu kama ubao. Nikamtazama nikacheka. Ng'onda huyu, nikasema, mimi nimekulia nyumba ya ng'onda. Nikamwosha, nikamkatakata, nikamtosa chunguni na vitunguu kama tunavyofanya kwetu, na kwa vile sikuona nazi nikatia maziwa. Kumbe samaki yule sharti alale majini tangu jana yake na zaidi, ngozi juu, maji yanamwagwa na kubadilishwa, mpaka chumvi itoke yenyewe. Wateja wa mchana ule walikunywa maji, wakaomba tena maji, na mmoja akaondoka na jagi mkononi. Dona Amélia aliporudi akaonja, akavuta kiti, akakaa. Nikawa nangoja kufukuzwa. Akaniuliza kwa upole kabisa kama kwetu tunakula samaki au tunakula bahari.

Basi akanifunza. Chagua kipande kinene cha mgongoni. Mshike samaki mkiani umwinue. Akisimama wima huyo amekaushwa sawasawa, akilegea mrudishe ulipomtoa. Rangi ya malai, ya maziwa mazito, ni njema, mwenye madoa mekundu mwache hapo hapo. Haya yote nikaja kuwafanyia wageni mbele ya duka, namwinua samaki kwa mkia nao wanapiga picha, na mwenye duka ananikodolea macho, anaogopa watu wasije wakamkataa ninayemtia ila.

Nilipochoka na masufuria, ndipo watu wa mji huu walipoanza kupenda kutembezwa kwa ajili ya chakula. Ofisi moja ndogo ya kutembeza wageni ikaja kumuuliza Dona Amélia kama ana mtu. Akawaambia mchukueni Zuwena, hapa anaunguza vitunguu kwa kusema. Nikachukuliwa.

Nyie mnakuja na simu zenu, mmeandika humo kila kitu, mkahawa huu ulifunguliwa lini, kikeki kile kilizaliwa nyumba gani ya watawa. Vizuri. Lakini mgeni hasemi baadae kwamba alijifunza. Anasema alilishwa. Mtazame mdomo, usimtazame macho. Macho yana adabu, mdomo hauna. Anayetafuna upande mmoja ana jino, mtafutie kilaini. Anayesifu kila kitu na sahani haipungui, ana lake. Huyo wa mwisho ndiye wa kumhofia, na ndiye aliyenifanya nikuiteni leo mkae hapa, maana nataka kukusimulieni habari ya Bi Filomena.

Ilikuwa Ramadhani ya baridi, imeangukia Desemba. Nyie mnajua funga ya huku wakati wa baridi, hujaona njaa sawasawa jua limeshaingia ndani. Lakini alasiri yake ina kitu. Mwenye kufunga akifika saa ile huwa mwepesi. Harufu zinamfikia kutoka mbali, na sauti zinakuja pole, kama watu wanazungumza chumba cha pili. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya South Lambeth Road, taa za Krismasi zimewashwa mapema, na kila mlango ukifunguliwa inatoka pumzi ya mdalasini na maganda ya ndimu na mafuta ya moto. Mara nyingi mwezi ule miguu yangu ilisahau iko mji gani. Nakata kona ya duka la samaki, na moyoni nategemea kutokea Darajani, sokoni kwetu Unguja, nione wauza ubuyu. Wateja sikuwaambia, maana wao walilipia Ureno.

Kundi la siku ile lilikuwa dogo. Mume na mke Waingereza waliostaafu, wanafunzi wawili waliokuwa wanakula chao na cha wenzao, na mwanamke mmoja, Teresa, nesi, amekuja na mama yake kutoka Queensbury. Mama mwenyewe ndiye Bi Filomena. Koti zito jeusi, na ndani ya koti mtu kidogo sana. Alitembea vizuri, hakulalamika baridi, alinisikiliza kila neno. Kituo cha kwanza nikawapa katlesi za samaki, za moto moto. Akaipokea yake na kitambaa cha karatasi, akaisifu, na tulipotoka nje nikaiona mkononi mwa mmoja wa wanafunzi.

Kituo cha pili ilikuwa supu ya mboga ya majani na ile soseji. Hapo Teresa akanivuta pembeni, karibu na rafu ya mikate. Akanieleza kwa Kiingereza, haraka, kama watu wa hospitali wanavyopeana zamu. Mama hali. Tangu baba alipofariki hali. Koo zima, tumbo zima, wamempima kila kitu, hataki tu. Anakunywa chai, anasema ameshiba. Daktari amesema wakirudi wiki ijayo mizani imeshuka tena, atalazwa, atatiwa mpira wa kulishia puani. Teresa mwenyewe amewatia wagonjwa mipira hiyo na anajua inavyokuwa. Wao ni Wagoa, watu wa Goa iliyokuwa koloni la Wareno, bibi zake walikuwa wakipika vya Kireno, basi amemleta mama huku akidhani labda kuna harufu moja itakayomwamsha. Alisema hana jaribio jengine baada ya hili.

Akarudi mezani, akachota supu kijiko, akakipeleka mdomoni mwa mama yake kama anayelisha mtoto. Mama akageuza uso. Akasema taratibu, na hakusema kwa Kiingereza:

"Niondolee, mwanangu. Sina haja."

Kiswahili gani kile? Si cha kusomea, si cha bara. Cha mjini kwetu. Nikainama nikamuuliza bi mkubwa ni mtu wa wapi. Akasema Vuga, karibu na Minara Miwili, ambalo ndilo lile kanisa kubwa la Wakatoliki pale mjini Unguja, kwa nyie msiofika. Akaniuliza na mimi. Nikamwambia Mchangani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya. Hatukuwa tunajuana, wala hatukuulizana tulitoka vipi, maana watu tuliotoka mwaka ule wa Mapinduzi hatuulizani barabarani. Teresa anakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, kama nyie nyie.

Basi nikajitia kazini. Nilitumia kila hila niliyonayo. Nikamkatia jibini nyembamba kama karatasi. Nikampitisha kwenye oveni mikate inapotoka. Nikamchekesha kwa habari ya bacalhau wa maziwa, akacheka kweli, meno yote. Lakini mkono haukuja. Kila nilichompa alikipokea kwa asante na kumpitishia mwenziwe, na wale wanafunzi wakawa wananenepa mbele ya macho yangu. Niliona uchungu, wanangu, si uongo. Mtu kazi yake kulisha, na pale mbele yangu anakaa mmoja anaisha, ananisifia matembezi.

Kituo cha mwisho kabla ya kahawa kilikuwa jikoni kwa Dona Amélia. Tulikuwa tunawaingiza wageni ndani kabisa, wasimame baina ya majiko waone kinavyopikwa. Na kila Ramadhani Dona Amélia alinipikia sufuria yangu mbali, haina mvinyo wala soseji, nifuturu nayo kazi ikisha: wali wa bacalhau, nyanya, vitunguu, majani ya kotmiri kwa wingi. Kidogo wageni wanaonja, kikubwa changu. Siku ile tukamkuta kajifunga shali shingoni, pua nyekundu, mafua yamemshika tangu asubuhi. Akanisukumia mwiko. Akasema hasikii harufu wala ladha, chumvi ya samaki haijui iko wapi, nionje mimi kabla hajawapakulia watu.

Kwa mafua yale alisahau kwamba nimefunga. Na wali ule si wa kubahatisha. Bacalhau akikosewa unajua mwenyewe maji yatakavyonywewa. Nikabaki na mwiko mkononi, mvuke unanipanda usoni, na nakwambieni sikufikiri. Sikupanga hila. Mkono wangu uligeuka wenyewe kama ulivyogeuka wa mama yangu na wa bibi yangu, kumtafuta jirani.

"Bi Filomena," nikasema, "nionjee chumvi. Miye nimefunga."

Hapa nikuelezeni, nyie mliozaliwa Barking na Ilford mkaona futari inaanguka mezani tu. Kwetu mwezi wa Ramadhani mpishi hakijui chungu chake. Anapika alasiri nzima na kuonja anaogopa. Basi anaitwa mtoto ambaye hajaanza kufunga, au mwenye udhuru, au jirani Mkristo. Mama yangu alikuwa akipiga ukuta wa jikoni mara moja, na mke wa fundi cherehani, Mgoa, anakuja ua wa nyuma kakausha mikono, anaonja, anasema imezidi, imepelea, anarudi zake. Haikuwa karamu, haikuwa hisani. Ni jambo ambalo jirani hakatai, kwa sababu bila yeye nyumba nzima itafuturu kisichokuwa na ladha. Na usiku akipelekewa sahani hajifanyi kashiba.

Teresa akanishika mkono anizuie. Alidhani namfanyia mama yake mzaha mbele za watu. Lakini Bi Filomena alikuwa anautazama mwiko. Aliutazama kwa muda, mpaka yule bwana Mwingereza akaanza kukohoa. Kisha akakunja mkono wa koti, taratibu, mara moja na mara ya pili, akatoa kiganja.

"Tia," akasema.

Nikamdondoshea mchuzi kiganjani. Akalamba. Akafumba macho, na hata wanafunzi waliacha kutafuna, wakidhani ni sehemu ya matembezi.

"Imepelea."

Nikamtafsiria Dona Amélia. Loo, alivyogeuka! Chumvi ipelee kwenye bacalhau, kwake yeye? Lakini pua hana siku hiyo na ushahidi hana. Akatia kidogo, akikoroga kwa hasira. Nikadondosha tena. Bi Filomena akalamba, akatingisha kichwa kukataa. Chumvi ikaongezwa tena. Akalamba. Akasema sasa chumvi imekaa, lakini ndimu iko wapi, na nani aliyetia nyanya kabla vitunguu havijaiva. Nikatafsiri la ndimu, la vitunguu nikalimeza. Halafu akaonyesha kwa kidevu sufuria ya pili, ile yenye soseji, akauliza na hiyo nani ameionja. Nikamwambia hakuna. Akasogea mwenyewe, kiganja mbele.

Teresa alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama kalenda ya ukutani, na mabega yake yanatikisika.

Lakini miye nilikuwa sijafurahi bado. Kuonja si kula. Yeye Teresa alijua na mimi nilijua, matone ya kiganjani hayapandishi mizani. Wageni walipopakuliwa, Bi Filomena alifuta mkono wake vizuri, akakaa kwenye kiti karibu na mlango wa stoo na mikono mapajani. Sahani yake akaisukuma kwa upole kuelekea upande wa wanafunzi. Kazi aliyoombwa ameimaliza.

Wakanywa kahawa, wakala nata, wakanipa mikono. Waingereza wakaondoka, wanafunzi wakaondoka wamebeba mfuko. Dirishani kulishaingia rangi ya samli, ile dakika ya huku ambapo jua halichwi, linayeyuka tu ndani ya ukungu. Dona Amélia alikwenda kaunta, ndiyo saa yake ya watu wanaotoka kazini. Nikaanza kujiwekea futari pembe ya meza: glasi ya maji, tini mbili, na wali wangu kwenye bakuli pana la udongo. Teresa akamsimamia mama yake na mtandio, akamwambia wawahi treni.

Bi Filomena hakuinuka. Alikuwa ananitazama ninavyopanga.

"Unafuturu na nani?"

Nikamwambia na nani tena, bi mkubwa, mwenyewe. Ndiyo kawaida yangu, jikoni hapa hapa, dakika chache kisha nakimbilia basi. Nilisema kwa wepesi tu, sikutaka kuonewa huruma, maana ilikuwa kweli na miaka mingi imekuwa kweli. Mume wangu alikuwa zamu za jioni wakati ule, na watoto wanafuturu kwa shangazi yao.

Akaniangalia kwa hasira. Hasira kabisa, ya mama wa mtaani kwenu aliyekukuta unatembea juani bila viatu. Akauliza ni nyumba gani niliyolelewa mimi, mtu anakaa na swaumu yake kutwa kisha anafungua peke yake baina ya masufuria, na watu wazima wapo wamesimama. Akamgeukia binti yake, akamwambia akae chini, treni zipo nyingi. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja kutoka juu, akalitoa, akalitundika nyuma ya kiti. Akaenda kwenye bomba akanawa mikono.

Tukangoja magharibi. Tulisikiliza vikombe vya kaunta na pua ya Dona Amélia. Saa yangu ilipofika nikasema bismillahi, nikanywa maji, nikala tini. Bi Filomena alingoja mpaka nimeze. Hapo akavuta bakuli, akaliweka katikati yetu, akachora mstari juu ya wali kwa kidole, upande wake na upande wangu, kama tunavyokula kwenye sinia. Akamega tonge, akalibana, akalitia mdomoni. Akatafuna sana. Akameza. Akamega jengine.

Sikuthubutu kumtazama mdomo, mimi niliyekufundisheni muutazame. Nilitazama bakuli. Niliona upande wake unapungua, unapungua, mpaka udongo ukaonekana. Teresa alikuwa kaweka mikono yote miwili juu ya mdomo wake. Na hapo, jamani, yule bibi aliyelelewa karibu na Minara Miwili, mwenye adabu zake zote, akavuka ule mstari akaingia upande wangu.

Kwetu huo ni utovu wa adabu mkubwa. Nikamsogezea bakuli.